UZI: Nyangumi wanapita hapa hapa Kigamboni. Siku yetu baharini kati ya Sinda na Ras Kutani, na jinsi ya kwenda bila kuwasumbua

MwanaMjimwema

Wakuu, habari za jamvini.

Nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu kila nikitaja nyangumi mbele ya mtu wa Dar naulizwa, "Wapi, Afrika Kusini?" Hapana, wakuu. Hapa hapa. Kila mwaka kusi, yaani upepo wa kusini, likishakolea, kuanzia Julai hadi Oktoba na wengine mpaka Novemba, nyangumi wenye nundu wanapita mbele ya jiji letu. Wanatoka kwenye maji ya barafu huko Antaktika, wanakuja kuzaa na kupandana kwenye bahari yetu yenye joto, kisha wanarudi. Sisi tuko ufukweni tunakula mihogo, wao wanapita nje ya visiwa, na wengi wetu tunazeeka bila kuwaona.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti tuliondoka Mjimwema saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Saa hiyo ina sababu zake. Kusi mara nyingi hupumzika usiku, alfajiri kunakuwa na upepo mwepesi wa nchi kavu, halafu kuanzia saa nne linaanza kukaza. Ikifika saa nane mchana bahari ya nje yote imejaa mapovu meupe, hapo hata nyangumi akipumua mbele yako huwezi kumtofautisha na wimbi. Kwa hiyo una saa chache tu za kufaidi. Anayekuahidi safari ya nyangumi ya saa saba mchana mwezi wa nane, muulize vizuri.

Boti ilikuwa ya faiba, mashine mbili. Hilo la mashine mbili naomba mlizingatie. Nje kule upepo unatoka kusini na mkondo nao unakwenda kaskazini. Mashine ikizima na huna nyingine, utaiona Kigamboni inakupungia mkono. Nahodha wetu ni mzee wa makamo aliyekulia Kimbiji, na kabla hatujapanda alikagua jaketi za kujiokolea moja moja, akamfunga kila mtu kamba zake mwenyewe. Aliyekataa kuvaa aliambiwa abaki ufukweni anywe chai.

Tukakiacha kisiwa cha Sinda nyuma, tukashika kusini tukiambaa na pwani kwa mbali. Ukitoka kwenye kivuli cha visiwa unajua mara moja. Maji yanaacha ukijani yanakuwa buluu nzito, na wimbi refu la kusi linaanza kukuinua. Nahodha akapunguza mwendo, akatugawia kazi: wawili waangalie upande wa bara, wawili upande wa maji makuu, wengine mbele na nyuma. Akasema, "Msitafute nyangumi, tafuteni moshi." Maana yake pumzi. Nyangumi akitoka juu hutoa pumzi inayopanda kama mita tatu hivi, lakini kusi huipeperusha upesi, ukipepesa macho imekwenda.

Tulikaa muda mrefu bila kitu. Dada mmoja alishaanza kulala. Halafu baharia aliyekuwa tezi, nyuma ya boti, akanyoosha mkono bila kusema neno, na mbele ya mkono wake nikaona moshi mmoja mkubwa, na pembeni yake mwingine mdogo, mfupi. Mama na mtoto.

Sasa hapa ndipo nilipojifunza kwa nini nahodha ni nahodha. Hakuwafuata. Tulikuwa kama mita mia tatu, akapunguza mwendo mpaka boti ikawa inatambaa, akaenda sambamba nao kwa muda, akabaki nyuma kidogo ya ubavu wao. Baadaye akazima mashine kabisa. Chombo kikaanza kwenda mrama, watu wawili wakatapika, na hakuna aliyelalamika. Tukangoja.

Kwanza tuliwasikia. Pumzi ya nyangumi mzima ukiwa umezima mashine ni sauti nzito ya ghafla, kama tairi la lori linapofunguliwa upepo. Yule mtoto anapumua mara nyingi zaidi, pumzi fupi fupi. Kisha mama akaja upande wetu mwenyewe. Mgongo ukapita, mweusi, una makovu na makombe yameganda, ukafuata ule mpindo wa nundu na pezi dogo, mwisho mkia ukainuka wote, maji yanamwagika kingoni, chini yake mna mabaka meupe. Akazama. Pale alipozama pakabaki duara la maji laini kabisa, pana kuliko boti yetu. Viwimbi vya upepo vilikuwa vinafika ukingoni mwa duara lile vinaishia hapo. Mkia unapopiga chini husukuma maji yapande juu, ndiyo yanayotandaza lile duara. Nililitazama mpaka likafutika.

Walikaa nasi karibu nusu saa. Kilichotuharibia ni boti nyingine iliyotokea upande wa mjini kwa kasi, imejaa watu wanapiga kelele, ikaenda moja kwa moja mpaka juu yao. Mama akamweka mtoto upande wa pili wa ubavu wake, wakazama. Tulipoona pumzi tena walikuwa mbali sana, wanakwenda kusini bila kusimama. Boti ile ikawakimbiza tena. Haikupata kitu, na sisi hatukupata kitu zaidi.

Tukarudi. Karibu na Sinda pomboo wakatupokea, kundi kubwa, wale wembamba wenye pua ndefu wanaoruka na kujizungusha hewani. Hao walikuja wenyewe kucheza mbele ya omo, pua ya boti, nahodha alichofanya ni kushika mwendo uleule bila kukata kona. Saa tano tulikuwa ufukweni.

Nimeandika kirefu kwa sababu nataka watu wa Dar waende. Na wakienda, wamlipe nahodha anayezima mashine, wasimlipe anayekimbiza.

KijanaWaTegeta

Mkuu umenigusa. Maswali yangu: gharama ikoje, mtoto wa miaka sita anaruhusiwa, na je, hawa wanyama hawapindui boti? Mke wangu amesoma uzi wako amesema haendi mtu.

MwanaMjimwema

Kaka, boti inakodiwa nzima, haihesabiwi kwa kichwa. Kinachokula pesa ni mafuta, kwa hiyo mkiwa wanane mnagawana na inakuwa nafuu, mkiwa wawili mtaumia. Kubalianeni kabla: mnatoka saa ngapi, mnarudi saa ngapi, mafuta ni ya nani, na msipoona nyangumi inakuwaje. Hakuna nahodha mkweli anayeweza kukuhakikishia nyangumi. Wako huru, bahari ni kubwa.

Mtoto wa miaka sita mimi nisingempeleka Agosti. Subiri Oktoba, kusi linapoanza kulegea na bahari kutulia, na bado mama wenye watoto wanapita wakirudi. Na jaketi iwe ya saizi yake, siyo ya mtu mzima iliyokazwa kwa kamba.

Kupindua boti: hawana shida na wewe. Hatari ni wewe kujipeleka mahali ambapo mnyama wa tani thelathini ataruka na kuangukia. Ukiwa mita mia au zaidi, na huingii katikati ya mama na mtoto, na hukai kwenye njia anayokwenda, uko salama. Mwambie shemeji hivyo.

Na kuhusu kutapika, kwa sababu nimeulizwa pembeni: kula kitu kikavu asubuhi, chapati kavu au mkate, usiende na tumbo tupu wala supu. Kaa katikati kuelekea nyuma. Tazama mbali, usiiname kwenye simu.

Mwalimu_wa_Bailojia

Nimefurahi sana kuona mada hii. Naomba niongeze kidogo kwa faida ya wote, maana wanafunzi wangu huniuliza: kama chakula chao kiko Antaktika, wanafuata nini kwetu?

Wanafuata joto. Mtoto wa nyangumi mwenye nundu huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne na zaidi kidogo na uzito wa karibu tani moja, lakini tabaka lake la mafuta bado ni jembamba. Katika maji ya barafu angetumia nguvu zote kujipasha. Kwetu anaweza kuitumia nguvu hiyo kukua. Mama yake mimba ameibeba kwa takribani miezi kumi na moja, na kwa muda wote anaokaa kwenye maji yetu karibu hali chakula chochote. Anaishi na kunyonyesha kwa mafuta aliyojilimbikizia kule kusini alipokuwa anakula uduvi wadogo wa baharini. Maziwa yake ni mazito sana, yamejaa mafuta, na mtoto ananyonya mara kwa mara huku wakisogea polepole.

Sasa rudini kwenye ile boti iliyowakimbiza. Kila mama anapolazimika kukimbia anachoma akiba ambayo haina pa kujazwa mpaka arudi Antaktika, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Na kila mtoto anapokatishwa kunyonya ni hivyo hivyo. Watu hudhani kukimbiza nyangumi ni kumsumbua tu kidogo, akizama yameisha. Gharama yake inalipwa miezi baadaye, mahali ambapo hakuna wa kuiona.

Jambo jingine, mnyama huyu aliponea chupuchupu. Katika karne ya 20 waliuawa zaidi ya 200,000 wa jamii hii katika nusu ya kusini ya dunia peke yake. Vituo vya kuwachinja vilikuwa mpaka Msumbiji na Durban, yaani kwenye njia hii hii ya Afrika Mashariki. Kile cha Durban kilifungwa mwaka 1975. Nyangumi wenye nundu wa kusini walipigwa marufuku kuvuliwa mwaka 1963, na mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikaitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi yao. Hawa mnaowaona nje ya Sinda ni uzao wa wale wachache waliobaki.

BiHusna_Mbezi

Ahsante mwalimu. Mimi napenda zaidi pomboo. Nataka kwenda Kizimkazi kuogelea nao, nimeona picha nzuri sana. Kuna aliyekwenda?

MzamiajiWaMsasani

Dada Husna, nimekwenda, na nitakuambia nilichokiona bila kupunguza. Kizimkazi ina pomboo wa uhakika, wanaishi pale kusini mwa Unguja mwaka mzima, na kijiji kimefaidika na wageni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo walikuwa wakivuliwa, nyama yao inafanywa chambo cha papa. Kwa hiyo utalii uliwaokoa, hilo tusilifute.

Lakini siku ya msimu unakuta boti nyingi zinazunguka kundi moja. Pomboo wakitokea tu, nahodha anapiga kelele "Rukeni!", watu wanaruka na viatu vyao vya mpira mbele ya pua za wanyama, pomboo wanazama, watu wanapandishwa, boti zinafyatuka tena. Inakwenda hivyo asubuhi nzima. Watafiti waliofuatilia pale walionyesha kuwa boti zikiwepo pomboo wanapumzika kidogo na kusafiri zaidi. Na pomboo nao wanahitaji kupumzika. Hebu fikiria mlinzi wa zamu ya usiku unayemgongea mlango kila anapofumba jicho.

Nenda, dada, lakini nenda alfajiri mapema, chukua boti moja na watu wako, na mwambie nahodha mapema kwamba hutaki kuruka, unataka kutazama. Wapo manahodha pale wanaoijua kazi hiyo vizuri na wataifurahia.

BiHusna_Mbezi

Nimekuelewa kaka. Kumbe hata kuwaona kutoka juu inatosha.

BotiZaKunduchi

Naomba na mimi nisikike, maana hapa tunasemwa sisi wenye boti kana kwamba hatuna akili. Mimi nafanya kazi ya kupeleka watu Mbudya na Bongoyo, na msimu huu wakitaka nyangumi nawapeleka nje. Nani anataka kukimbiza? Kukimbiza kunakula mafuta yangu! Lakini mteja amelipa, ana simu mkononi, amemwahidi mtu video. Ukizima mashine dakika kumi anakuambia, "Kaka mbona tumesimama, mafuta yameisha?" Ukimwambia tungoje anasema boti ya fulani imekwenda karibu zaidi. Wiki ijayo anakwenda kwa fulani. Niambieni, watoto wangu watakula subira?

MwanaMjimwema

Kaka, hoja yako ni ya kweli na ndiyo maana nimeandika uzi kwa abiria na si kwa manahodha. Abiria ndiye anayeshika usukani kwa pesa yake. Yule nahodha wetu alichofanya, na nakuomba ukijaribu, ni kuzungumza nasi tukiwa bado mchangani, kabla pesa haijatoka. Alituambia: nitakwenda sambamba, nitazima, tutangoja, sitapita mita mia, na pomboo sitawakata mbele. Anayetaka vinginevyo aseme sasa. Hakuna aliyesema. Ukiwaambia watu mkiwa tayari nje, wanaona unawabania. Ukiwaambia kabla, wanaona unajua kazi.

Na video nzuri ya siku ile ni ile aliyoipata dada aliyekuwa amelala, mama nyangumi alipokuja mwenyewe boti ikiwa imezimwa. Wale wa boti ya kasi wamerudi na video ya povu.

BotiZaKunduchi

Hilo la kusema kabla nimelichukua. Nitaliweka hata kwenye ujumbe wa kuthibitisha safari. Ila na ninyi mkipanda kwangu mkaniona nimezima, msinipigie miluzi.

MzeeWaJarife

Wanangu, hamjambo. Mimi mtu wa Kimbiji, nimevua tangu ujana wangu, macho sasa yamechoka, mjukuu ndiye ananiandikia.

Nyangumi tunawajua. Zamani ukilala nje na dau, usiku wa kusi lililotulia, ukilaza sikio kwenye mbao chini unamsikia anaimba. Anavuta sauti ndefu, anakata, anaguna, anarudia. Babu zetu hawakumgusa. Chombo kikimkaribia wanapiga ubao taratibu ajue kuna watu, wanampisha.

Ila jambo moja hamjalitaja, na ndilo linaua zaidi ya boti za wageni. Jarife, ule wavu mkubwa wa kuelea. Unalitega jioni kwa ajili ya papa na jodari, linaelea usiku kucha, asubuhi unalivuta unakuta pomboo ameshafariki. Yeye hapumui majini, anahitaji kupanda juu, na akinaswa hawezi. Hakuna mvuvi anayemtaka. Anakuchania nyavu, na unatumia asubuhi nzima kumnasua badala ya kupata riziki. Nyangumi mdogo naye akipita na jarife mkiani, anakwenda nalo. Huyo hafiki mbali, na sisi tumepoteza nyavu za pesa nyingi.

Msidhani wavuvi ni maadui wa hawa wanyama. Tukipata njia ya kutega bila kuwanasa tutaishika kwa mikono miwili.

Mwalimu_wa_Bailojia

Shikamoo mzee. Umesema neno zito. Kote magharibi mwa Bahari ya Hindi nyavu za kutega ndizo zinazohesabiwa kuwa hatari kubwa zaidi kwa pomboo, kuliko utalii. Anayeumia zaidi ni yule pomboo wa pwani mwenye nundu mgongoni, anayekaa maji mafupi karibu na mikoko na midomo ya mito, maana hapo hapo ndipo nyavu zinapotegwa. Tangu mwaka 2017 amewekwa kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Zanzibar vilishajaribiwa vifaa vidogo vya kutoa mlio vinavyofungwa kwenye nyavu ili pomboo azitambue, na matokeo yalitia moyo. Shida inabaki bei, na nani anunue betri. Mvuvi peke yake hawezi.

Na kuhusu kuimba, mzee, wanaoimba ni madume. Wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi hadi ishirini na dume anaurudia kwa saa nyingi. Madume wa eneo moja wanaimba wimbo mmoja, nao unabadilika kidogo kidogo wote kwa pamoja kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo wimbo uliousikia ujanani, mjukuu wako akilaza sikio leo atasikia mwingine.

MzeeWaJarife

Marahaba mwanangu. Hilo la wimbo kubadilika sikulijua. Mjukuu amefurahi.

MzamiajiWaMsasani

Kwa wasio na dau la mbao: hata ukizamia na mtungi nje ya Mbudya mwezi wa nane au wa tisa unaweza kumsikia. Huwezi kujua yuko upande gani. Sauti nzito unaihisi kifuani kabla hujaisikia masikioni.

Lakini nimesikia na sauti nyingine maji hayo hayo, na mtu yeyote aliyezamia Dar muda mrefu anajua ninachosema. Baruti za kuvulia samaki. Unakuwa chini, ghafla mlipuko unakupiga mwilini hata kama umetokea kilomita kadhaa. Mwaka 2015 watafiti walizunguka pwani yote ya Tanzania na boti wakiwatafuta nyangumi na pomboo, wakiwa wanavuta vinasa sauti majini. Walitegemea kunasa nyimbo na miluzi. Walinasa pia milipuko 318, na takribani asilimia 62 ya milipuko hiyo ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar. Yaani mbele ya mlango wetu. Mnyama anayeishi kwa masikio, anayemtafuta mwanaye kwa sauti, anayewinda kwa sauti, tulikuwa tunamlipulia mchana kutwa.

Tangu doria zilipokazwa mabomu yamepungua sana, na mimi siku hizi naweza kuzamia wiki nyingi bila kusikia hata moja. Hilo nalishukuru kwa moyo wote. Lakini ukisikia mlipuko, popote ulipo, toa taarifa kwa polisi wanamaji au ofisi ya uvuvi siku hiyo hiyo, na useme saa na mahali.

KijanaWaTegeta

Swali la ziada: wale wakubwa wa Mafia wenye madoadoa ndio hao hao? Maana jamaa yangu ameogelea nao Desemba.

MwanaMjimwema

Hapana kaka. Wale wa Mafia ni papa potwe, samaki kamili, anapumua kwa mashavu, na msimu wao mzuri ni Oktoba hadi Machi. Ukitaka kutofautisha haraka tazama mkia: papa mkia wake umesimama wima na anaupiga kushoto na kulia, nyangumi na pomboo mkia wao umelala na wanaupiga juu na chini. Ndiyo maana ukiona pezi limetoka juu ya maji halizami wala kupanda kwa mpigo, anakwenda nalo tu moja kwa moja, huyo si pomboo.

Sauda_Kibada

Jamani niliufuata uzi huu kimya kimya, leo nina la kusema. Sina pesa ya kukodi boti, kwa hiyo Jumapili nilichukua wanangu na shangazi yao tukaenda upande wa Ras Kutani kwa gari, tukapanda pale ufukwe ulipoinuka, tukakaa kivulini na darubini ya kuazima, vitumbua na chai kwenye chupa. Tulifika saa moja na nusu asubuhi. Tuliamua kufuata ushauri, tukatafuta moshi.

Saa tatu mwanangu wa pili akaona. Nilidhani anadanganya. Kisha akaruka! Nusu ya mwili mzima ukatoka nje ya maji, yale mapezi marefu yamefunguka, akaanguka na maji yakapanda, na sauti ikatufikia baadaye kabisa. Aliruka tena na tena. Watu waliokuwa wanapita na pikipiki wakasimama, mama mmoja aliyebeba kuni akaweka mzigo chini, tukawa kundi zima tunapiga makofi. Hatukulipa chochote zaidi ya mafuta ya gari, na hatukumsogelea hata hatua moja.

Maji makuu yako karibu sana pale kwa sababu kina kinaanza haraka, siyo kama Kunduchi ambako unatembea mpaka kiunoni mbali.

Ombi langu: shangazi yao ana kamera yenye lenzi ndefu, alipata picha ya mkia upande wa chini. Mabaka meupe yanaonekana vizuri. Inafaa kitu?

MwanaMjimwema

Dada Sauda, hongera sana, na picha hiyo inafaa kuliko zote. Mabaka ya chini ya mkia hayafanani kwa nyangumi wawili, ndiyo wanayotumia watafiti kumtambua kila mmoja. Pakia kwenye tovuti ya Happywhale, ni bure. Programu yao inalinganisha mkia na mikia iliyopigwa picha sehemu nyingine za dunia, na akiwahi kuonekana kwingine utaarifiwa. Picha za pwani yetu ni chache mno, kwa hiyo ya kwako ina uzito.

Mwambie shangazi asiikate wala kuipaka rangi, na aandike tarehe, saa, mahali mliposimama, na upande mnyama aliokuwa anaelekea, kaskazini au kusini. Hilo la mwisho watu husahau, na mwezi wa tisa linaonyesha nani bado anapanda na nani ameshaanza kurudi.

BotiZaKunduchi, nawe ukipata mikia weka humu na tarehe zake. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tunatoka tena Mjimwema, saa kumi na mbili na nusu, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakisema upepo ni wa kawaida. Nafasi zimebaki mbili. KijanaWaTegeta, kama shemeji amekubali niambie mapema, nahodha anahitaji kujua saizi ya jaketi la mtoto.